Jinsi Nilivyozitambua Seli za Tishu Unganishi kwa Kingamwili Mjini Moshi

Seli za kwanza nilizoziona zikiwaka kijani chini ya hadubini ya fluoresensi zilikuwa seli zilizokufa, nami siku ile sikulijua hilo. Nilikuwa nimeotesha faibroblasti, yaani seli za tishu unganishi zinazotengeneza kolajeni na kuipa ngozi uimara wake, kutoka katika keloidi, yaani kovu lililovimba kupita kiasi, iliyokatwa kwenye ndewe ya mama mmoja aliyeridhia kwa maandishi kwamba mabaki ya upasuaji wake yatumike katika utafiti. Kabla ya kupima jambo lolote jingine nilitaka kuthibitisha kwamba zile zilizojaa katika sahani yangu ni faibroblasti kweli, wala hazijachanganyika na seli za damu au za kuta za mishipa. Kingamwili ni protini inayoshika kitu kimoja maalumu tu, na ikitiwa rangi huwaka pale iliposhika. Nilichukua kingamwili yenye rangi ya kijani ya kushika vimentini, protini inayotajwa kila mahali kuwa alama ya faibroblasti, nikaiweka juu ya seli hai, nikasubiri nusu saa, nikaosha na kutazama. Seli chache mno ziliwaka, lakini hizo chache ziliwaka vikali. Niliandika daftarini kwamba hizo ndizo faibroblasti zangu.

Fundi sanifu wa maabara ile, dada aliyepima CD4 za wagonjwa wa VVU miaka mingi kabla mimi sijafika Moshi, alichungulia kwa muda kisha akaniuliza, "Kaka, hizo zinazowaka una hakika zina uhai?" Tuliongeza propidiamu ayodaidi, rangi nyekundu ambayo huingia tu katika seli ambayo utando wake umeharibika. Kila iliyokuwa kijani ikawa na kiini chekundu. Vimentini imo ndani ya seli, na kingamwili ni protini kubwa isiyoweza kuupenya utando mzima. Kwa hiyo ilikuwa imeingia katika maiti tu, na wazima nikawa nimewahesabu kuwa si faibroblasti.

Swali lile lilibadilisha kazi yangu yote. Nilianza upya kwa kujiuliza, kwa kila protini, iko wapi hasa: ndani ya seli, au imejitokeza nje ya utando mahali ambapo kingamwili inaweza kuifikia bila seli kuuawa. Hizi za nje ndizo nyingi kati ya zile zilizopewa herufi CD na namba, utaratibu ulioanza katika kikao cha wanasayansi mjini Paris mwaka 1982, wakati maabara mbalimbali zilipokuwa zikiziita alama zilezile kwa majina tofauti. Wingi wa kingamwili zilizozitambua alama hizo ulitokana na mbinu ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, ya kuunganisha seli ya kinga na seli ya saratani ili kupata kingamwili za aina moja tu bila kikomo. Hapa kwetu jambo hili si geni hata kidogo, kwani mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria kliniki ya VVU amesikia habari za CD4, ambayo ni alama ya juu ya baadhi ya seli nyeupe za kinga, na huhesabiwa kwa kingamwili hizihizi. Ndiyo maana dada yule aliona kosa langu kwa dakika moja.

Ugumu wa seli za tishu unganishi ni kwamba hazielei kama za damu. Zimeng'ang'ania sahani, na ili zipite moja moja mbele ya leza ya saitomita, mashine inayopima mwako wa kila seli, ni lazima zibanduliwe. Nilitumia tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kwa dakika kumi na tano, kwa kuwa keloidi ilinitolea seli sugu, na CD44, ambayo faibroblasti huwa nayo kwa wingi kwa sababu ndiyo inayoshika asidi ya hialuroni, ikaonekana hafifu mno. Tripsini hukata protini penye lisini na arginini, ambazo ni baadhi ya vijenzi vya protini, wala haichagui kati ya protini inayoshika sahani na ile ninayoitafuta mimi. Wiki iliyofuata niligawa seli za chupa moja mafungu mawili, moja nikalibandua kwa tripsini kwa muda uleule, jingine kwa EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu ambayo seli huitumia kushikilia, peke yake pamoja na kugongagonga chupa kwa kiganja. Fungu la EDTA liliwaka CD44 kwa nguvu. Nadhani jaribio hilo dogo, lisilogharimu chochote, ndilo lililonifundisha zaidi ya mengine yote, na ningemshauri kila anayeanza alifanye kabla ya kuilaumu kingamwili yake.

Ilibaki shida ya mng'ao wa seli zenyewe. Faibroblasti zilizohamishwa mara nyingi kutoka sahani moja kwenda nyingine huwa kubwa, zikajaa chembechembe, na zikimulikwa kwa leza ya bluu ya nanomita 488 hutoa kijani hata zisipotiwa chochote. Nilikuwa nimeagiza kingamwili ya CD105, alama nyingine ya juu ya seli hizi, yenye rangi ya FITC, ambayo nayo ni kijani, na kwa wiki mbili niliamini nina matokeo mazuri. Bomba lisilotiwa rangi, lenye seli za siku ileile na umri uleule, ndilo lililonionyesha kwamba sehemu kubwa ya nilichokiona ilikuwa seli zikiwaka zenyewe. Nilihamishia CD105 kwenye rangi ya APC, inayotoa wekundu wa mbali, nikazitumia seli za uhamisho wa tatu badala ya wa tisa, na tofauti ikawa dhahiri.

Rangi ya APC na nyingine iitwayo PE ni protini zinazotokana na mwani, kwa hiyo zinataka giza na nyuzi 2 hadi 8, na hazivumilii kugandishwa. Umeme ulipokatika usiku mmoja wa masika, nilizihamishia kwenye boksi la chanjo lenye vifurushi vya barafu nikiwa nimezizungushia taulo ili zisiguse barafu.

Utaratibu niliofika nao mwisho ni huu: seli laki moja kwa kila bomba katika maikrolita 100 za maji ya bafa yenye seramu kidogo, kingamwili kwa dakika thelathini kwenye barafu ili seli zisizimeze alama zilizokwisha kushikwa, kuosha mara mbili, kisha rangi ya kutenga zilizokufa. Kando yake lipo bomba lisilo na rangi, na jingine lenye kingamwili ya jamii ileile isiyo na cha kushika katika mwili wa binadamu. Kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya kingamwili nilikipunguza kwa nusu, kisha robo, na nikaona kwamba robo ilitenganisha vizuri zaidi na kuniokolea fedha.

Seli zangu zilikuwa na CD90, CD73, CD105 na CD44, na hazikuwa na CD45 ya seli nyeupe wala CD31 ya kuta za mishipa. Hiyo CD45 nilikataa kuiandika kuwa haipo mpaka nilipotoa damu yangu mwenyewe na kuona kingamwili ileile ikishika seli nyeupe, kwa kuwa kingamwili iliyoharibika nayo hutoa jibu la "haipo". Tena sikuandika kwamba CD90, CD73 na CD105 zimethibitisha faibroblasti peke yake. Alama hizo tatu ndizo zilizowekwa mwaka 2006 na jumuiya ya kimataifa ya tiba ya seli kuwa sharti mojawapo la kuzitambua seli shina za mesenkima, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa mfupa, gegedu au mafuta, na faibroblasti za ngozi huwa nazo vilevile. Niliandika kwamba ni seli za tishu unganishi zisizo na damu wala mishipa, na hilo lilinitosha kuendelea na keloidi.

Vimentini niliirudia mwishoni. Seli za bomba moja nilizikaza kwa paraformaldehaidi, kemikali inayozihifadhi zilivyo, na kuutoboa utando wake kwa sabuni ya maabara, bomba jingine nikaliacha na seli hai. Katika la kwanza karibu kila seli iliwaka, na nyuzi za vimentini zikaonekana zimeuzunguka ule mviringo wa kiini. Katika la pili ziliwaka chache, na zote zilikuwa na kiini chekundu. Nilimwita dada yule aje atazame.