Watoto Likizoni Dodoma: Tulivyozunguka Bila Kuchoshana

Dodoma, ukienda na watoto, ni mji wa asubuhi na jioni. Kati ya saa sita na saa tisa alasiri jua lake halina masihara, upepo wa Septemba unazoa vumbi barabarani, na mtoto aliyechoka haoni kivutio chochote hata umwonyeshe nini. Nililishika hilo kabla hatujaondoka Dar: jambo moja kubwa asubuhi, mchana kivulini, jambo dogo jioni. Mengine yote tuliyapanga hapo hapo.

Majirani zangu wa Tabata walinishangaa. "Dodoma kuna nini?" Kwao kule wanakwenda wabunge na watu wanaofuatilia mafaili. Mimi nina wifi yangu aliyehamia na wizara yake serikali ilipoanza kuhamia huko baada ya tamko la 2016, na tukiongea kwenye simu hakosi kunikumbusha kwamba watoto wanamjua shangazi yao kwa picha tu. Malazi ya bure hayakataliwi. Baba yao alibaki kazini, nikaondoka na wote watatu: kifungua mimba wa darasa la sita ambaye anajua kila kitu, wa kati wa darasa la pili ambaye anauliza kila kitu, na kitinda mimba ambaye hajatimiza miaka minne na bado anadai mgongo.

Safari yenyewe niliihesabu kuwa kivutio cha kwanza. Treni ya umeme, SGR, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na watoto walikuwa wameisikia shuleni muda mrefu bila kuipanda. Daraja la kawaida tulilipa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake, 15,500, kwa kila mtoto mkubwa. Nusu nauli ni ya wenye miaka 4 hadi 12, na wa chini ya hapo halipi. Basi linakwenda saa saba, nane, siku nyingine zaidi. Treni ni saa tatu na ushee hadi nne, kutegemea vituo inavyosimama. Ila kwa mzazi muda si hoja kubwa. Hoja ni choo. Yeyote aliyewahi kumbembeleza mtoto ajikaze mpaka dereva wa basi asimame abiria wakachimbe dawa, atanielewa. Nendeni na vitambulisho, na mfike stesheni mapema sana, kwa sababu ukaguzi ni wa kama uwanja wa ndege na milango inafungwa kabla ya treni kuondoka. Kukimbia na mtoto mgongoni na begi mkononi si mchezo wa kuuzoea.

Baada ya Kilosa yanakuja mahandaki. Yako manne. Kwenye la kwanza kitinda mimba alipiga kelele gari zima likageuka, kwenye la pili akacheka, na tulipotoka kwenye la mwisho akaanza kudai lingine. Halafu nchi inabadilika ukiwa unatazama: kijani cha Morogoro kinaisha, inaanza miiba, udongo mwekundu na mibuyu isiyo na jani hata moja. Karibu na Gulwe wa kati aliweka pua kwenye kioo akauliza, "Mama, hii ni barabara au mto umekauka?" Ulikuwa mto. Mchanga mtupu, na katikati yake akina mama wamechimba visima vidogo wanachota maji kwa kata. Somo la jiografia ambalo nisingeweza kulifundisha mezani. Niliwaambia pia kwamba reli ya zamani, ile ya Wajerumani, iliifikia Dodoma mwaka 1910, na ndiyo iliyoukuza mji. Kifungua mimba akasema anajua.

Jioni za mjini ni rahisi. Nyerere Square iko katikati kabisa, ina sanamu ya Mwalimu, ina mabenchi na miti, na wapiga picha wanaokuchapia picha papo hapo kwa mashine ndogo. Watoto walipiga picha chini ya sanamu, wakagombania nani aishike. Chinangali Park ilikuwa na bembea na nafasi ya kukimbia, na hicho ndicho walichokitaka. Mimi nilikaa na wifi tukanywa soda tukasengenya kwa staha. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa Libya, tuliutazama kwa nje wakati wa machweo, na mnara wake unaonekana kutoka mbali. Bungeni hatukuingia, kwani mkutano ulikuwa umeshaahirishwa. Wanaotaka watoto wao wakae jukwaa la wageni wapange wakati Bunge linakaa, wapitie kwa mbunge wao au waende na kundi la shule. Ratiba nzuri ni asubuhi saa tatu, kipindi cha maswali, maana hotuba za mchana hata wakubwa wanasinzia. Wangu walilitambua jengo kutoka kwenye taarifa ya habari, wakaridhika.

Sehemu ambayo sikutarajia iwashike ni makumbusho ya miamba na madini ya Taasisi ya Jiolojia, ile GST, ambayo makao yake yako Dodoma. Nendeni siku ya kazi. Kwa mtoto wa mjini jiwe ni jiwe, la kutupia embe. Pale akaona yamepangwa kwa rangi, kwa uzito, kwa umri, na mengine anaruhusiwa kuyashika. Kifungua mimba alisimama kwenye tanzanaiti muda mrefu. Nikamwambia hiyo inachimbwa Mererani tu, dunia nzima hakuna kwingine, na iligunduliwa mwaka 1967, yaani babu yake alikuwa kijana tayari. Kwa mara ya kwanza hakusema anajua. Wa kati yeye alichotaka kujua ni kwa nini usiku kitanda cha shangazi kilitikisika kidogo mwezi uliopita, kama shangazi alivyosimulia. Jibu liko pale pale: Dodoma iko jirani na mipasuko ya Bonde la Ufa, na matetemeko madogo si habari ngeni kwa wenyeji.

Shamba la zabibu tulikwenda upande wa Mpunguzi, kwa mkulima anayefahamiana na wifi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza Februari na Machi, na mengine Agosti na Septemba, kwa hiyo likizo hii fupi inaangukia vizuri. Ukichelewa unakuta majani. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, mzee akawasalimia watoto "Mbukwenyi!", nao wakaitikia "Shikamoo babu," kila mtu akaridhika. Akawaonyesha jinsi ya kukamata kishada kwa mkono wa kushoto, kuinua kidogo ili kionekane kikonyo, kisha kukata kwa mkasi bila kuvuta. Ukivuta, punje zinaachia na kishada kinapoteza bei. Wa kati alikata chake cha kwanza ulimi ukiwa nje kwa umakini, akakiweka kwenye kreti taratibu kama yai. Kula kabla ya kuosha mzee alikataza kabisa, kwa sababu ya dawa zinazopulizwa shambani, na nilifurahi kwamba katazo lilitoka kwake, maana langu lisingedumu dakika mbili. Alikuwa na ndoo ya maji tayari. Zile zabibu nyekundu zilizoivia mtini haziko sawa na zile za mifuko zinazouzwa barabarani, na hapo wanangu na mimi tulikubaliana bila mjadala.

Kolo ndiko kulikogharimu, na ndiko ningerudi kesho.

Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Kutoka Dodoma mjini hadi Kolo, kijiji cha kuanzia kwenda kuiona, ni kama kilomita 180, unapita Kondoa, kwenye ile barabara kuu ya kwenda Babati ambayo sasa yote ni lami. Tuligawana na wifi gharama ya kukodi Land Cruiser, kwa sababu ukiiacha lami pale Kolo kwenda Mongomi, kwenye miamba yenyewe ya michoro, unavuka mto wa mchanga na kupanda njia ya mawe, na gari dogo litawaishia njiani. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi, tukala chapati na mayai ndani ya gari. Kabla ya Kolo, tazameni makorongo ya Irangi. Ardhi ile iliwahi kuliwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, mwaka 1973, na baadaye mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika. Miti unayoiona leo ina historia hiyo.

Kwenye ofisi ya Kolo unajiandikisha, unalipa, unapewa mwongozaji, na kuna makumbusho ndogo ya kutazama kwanza. Msiiruke. Inawaandaa watoto, kwa sababu wanachokwenda kuona si picha kubwa za kung'aa. Pale juu Mongomi, baada ya kupanda kwa miguu sehemu yenye mwinuko, nikiwa nimemfunga kitinda mimba mgongoni kwa khanga, kifungua mimba alitazama mwamba akasema, "Mbona hamna kitu?" Mwongozaji hakubishana naye. Akawaketisha wote wawili, akawaambia watulize macho, kisha akaanza kuelekeza kwa kijiti bila kugusa jiwe. Kwanza akatokea twiga. Halafu tembo. Halafu watu, warefu wembamba, rangi ya damu ya mzee, wenye nywele au vinyago vikubwa kichwani, wawili wamemshika mwenzao huku na huku. "Wanamwokoa au wanamteka?" akauliza wa kati. Mwongozaji akasema hata wataalamu wanabishana, wengine wanasema ni ngoma ya uganga. Michoro myekundu ni ya wawindaji wa kale, ile myeupe ni ya karibuni zaidi, ya wakulima.

Kisha likaja swali nililolijua linakuja. Wa kati hajasahau alichofanywa alipochora ukuta wa sebuleni kwa kalamu ya rangi. "Hawa walichapwa?"

Nilikuwa nimewanunulia kila mmoja daftari lisilo na mistari na penseli, na kama kuna jambo moja la kuiga katika safari yetu ni hilo. Mtoto anayetazama tu anachoka upesi, ila anayechora anatazama. Mwaka 1951 Mary Leakey, yule mtafiti wa Olduvai, alikuja maeneo haya haya kuinakili michoro kwenye karatasi, na nilipowaambia kwamba wanafanya kazi aliyoifanya yeye, penseli zilikaza mwendo. Simu sikuwakatalia, lakini picha ya simu ilitoka na jiwe tu. Ya daftari ilitoka na twiga. Jirani na michoro kuna mahali ambapo wenyeji bado wanakuja kufanya matambiko, ya mvua na ya uponyaji. Mwongozaji alieleza kwa heshima, nami nikawaambia watoto wasimame pale aliposema wasimame. Hakuna aliyebishana.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, Kolo ni kazi. Wangu alilala mgongoni nusu ya muda na nusu nyingine alitaka kutambaa kwenye ukingo wa mwamba. Kama shangazi yupo nyumbani na hana safari, mwachieni.

Chakula hakikutusumbua, ila maji yalitusumbua kidogo. Mitaa mingi maji ya visima yana chumvi, na chai ya kwanza watoto waliirudisha. Wifi anaweka dumu la maji ya kunywa na ya chai pembeni, nasi tukafuata. Chukueni na mafuta ya kujipaka, midomo inapasuka kwa ukavu. Mlenda na ugali wa uwele nyumbani kwa wifi ulipata kura moja kati ya tatu, na si ya niliyemtegemea: kitinda mimba alikula mpaka akalamba sahani. Jumamosi tulikwenda mnada wa Msalato, ng'ombe na mbuzi wengi, vumbi la kutosha, na nyama inachomwa kwenye vijiti vilivyosimikwa kuzunguka moto. Unachagua, unakatiwa, unapewa na chumvi na pilipili. Nendeni asubuhi, shikaneni mikono, mkisha kula ondokeni. Kuanzia mchana pale ni pa watu wazima.

Tiketi za kurudi nunueni mapema, hasa mkirudi Ijumaa jioni, siku ambayo nusu ya watumishi wa serikali wanawahi familia zao Dar. Sisi tulirudi Jumanne. Behewa lilikuwa na nafasi, na watoto walihama upande wa pili wa dirisha ili wayaone wanayosema hawakuyaona wakati wa kuja.