Nilivyozitoa hesabu za shule ya mwanangu mafichoni

Dar ushauri haununuliwi. Nilipohoji pesa za mlinzi tunazochangishwa shuleni zinakwenda wapi, mmoja akanituma kwa diwani, mwingine redioni, na baba mmoja kwenye grupu la wazazi akaniambia nikaushe, nisije nikamponza mtoto. Huyo ndiye aliyenipandisha hasira.

Kwa mdomo nilishindwa. Mwalimu mkuu, mpole ajabu: "Mama Salma, hesabu zipo, subiri kikao." Kikao kikaja, soda tukanywa, hesabu zikasomwa kama konda anavyotaja vituo: mlinzi, chaki, ukarabati, mengineyo, shusha! Hayo "mengineyo" yalizidi vyote. Afisa elimu kata naye akanirudisha kulekule kwa mwalimu mkuu.

Nikaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Msiandike malalamiko jamani, malalamiko huundiwa kamati. Mimi niliomba taarifa, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 wawe wamejibu. Nilitaka kujua ruzuku ya serikali iliyoingia kwenye akaunti ya shule na matumizi yake, basi. Mtoto wa msingi hutengewa 10,000 kwa mwaka: 6,000 ya shule, 4,000 ya vitabu. Kwetu watoto wanapita elfu mbili, zidisha mwenyewe.

Sasa utamu. Nilikwenda masjala, panapopokelewa barua, na nakala ya pili.
"Dada, nigongee muhuri na hii yangu."
"We acha tu, itafika."
"Najua mdogo wangu, ila gonga."
Akasonya, akagonga IMEPOKELEWA, na tarehe juu yake. Nilipokwenda kufuatilia, barua "haionekani". Sikubishana. Nikafungua mkoba, nikaiweka nakala mezani, muhuri ukiwatazama. Mzee mmoja akavua miwani, akaivaa tena, akaingia ndani. Barua ikapatikana palepale, eti ilikuwa kwenye faili la usafi!

Majibu yakaja. Kumbe mlinzi alishalipwa kwenye ruzuku, na sisi tukamchangia tena. Mchango ukafa kimyakimya, wala hakuna aliyetangaza, na siku hizi mapato na matumizi yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Yapigeni picha siku hiyohiyo, karatasi zina tabia ya kubanduka.

Gharama ni nauli na fotokopi, vijisenti. Wazazi sasa wananiita CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na yule baba wa "kausha" ameniomba mfano wa barua. Nimempa, fotokopi kajilipia.