Filamu niliyoisikia kabla ya kuiona

Nyumba ya bibi yangu pale Langoni, Lamu, ina wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuegemea nyumba ya pili. Dirisha lake dogo lilielekea mlango wa chumba cha video. Sisi wasichana hatukuruhusiwa kutia mguu kule. Palikuwa pa wavulana na mabaharia, shilingi tano mlangoni na viatu nje. Basi baada ya isha tulikuwa tukilala kifudifudi mkekani, mimi na binamu zangu wawili, taa tumezima, tukisikiliza.

Kwanza zilikuja ngumi. Waliokulia filamu za Hong Kong wanazijua: hazilii kama ngumi, zinalia kama mtu anakung'uta mkeka. Halafu Kiingereza, lakini Kiingereza gani kile! Mtu anakimbiza maneno, anakwama katikati, kisha anaangua kicheko kisicho na sababu. Na juu ya yote hayo, mzee wa video mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi melini, Kiingereza chake cha bandarini, akiwafasiria watu kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. "Yuwaya! Yuwaya nyuma yako, mpumbavu we!" Yaani anakuja. Asipoelewa hakunyamaza. Alitunga.

Bibi alikuwa akisikiliza pia, ingawa alijifanya anavuta uradi. Usiku mmoja aliuliza, "Hao hawana wazee wa kuwapatanisha?"

Ijumaa iliyopita mwanangu, ana miaka kumi na minne, aliweka filamu kwenye runinga. Nilikuwa jikoni naukanda unga wa mahamri. Ghafla nikasikia kengele: ngoo, kimya, ngoo. Nikatoka na unga mikononi. Naijua kengele ile! Sikuwahi kuiona maishani, lakini naijua.

Filamu yenyewe ni *The 36th Chamber of Shaolin*, ya 1978, ya studio ya Shaw Brothers, mwongozaji Lau Kar-leung. Gordon Liu, kichwa kipara, ni kijana aliyekimbilia hekaluni ajifunze kupigana ili alipize kisasi cha watu wake. Hekalu lina vyumba 35 vya mafunzo, na kila kimoja ni adhabu ya namna yake. Kengele ile anaigonga kwa mti mrefu mzito, mkono mpaka unatetemeka. Kwenda kula lazima avuke maji kwa kurukia magogo yanayoelea, na anatumbukia kila siku huku wenzake wanakula.

Zamani zile, mzee alipofika mahali kijana anapobeba ndoo za maji, alisema huyu katumwa na mke wa mwalimu. Sote tuliosoma chuo cha Kurani tulielewa mara moja; nani hakuwahi kutumwa maji na mke wa mwalimu? Akaongeza kwamba amefungwa visu mikononi, akishusha mikono vinamchoma mbavuni. Hapo tulicheka sana, tukajua mzee kaanza tena. Miaka yote hii nimeamini visu vile ni vya kutunga.

Visu vipo. Nimeviona kwa macho yangu Ijumaa. Aliyekuwa hayupo ni mke wa mwalimu.

Mwanangu alikuwa ameweka sauti ya Kichina na maandishi chini. Nikamwambia aweke ile ya Kiingereza. Akanitazama kama nimemwambia atie sukari kwenye samaki. "Mama, hiyo si ya asili. Midomo hailingani na maneno." Hapo nikapata nafasi yangu. Nikamwambia Shaw Brothers miaka ile hawakuwa wakirekodi sauti wakati wa kupiga picha; hata Kichina hicho kiliingizwa baadaye studioni, na mara nyingi sauti si ya mwigizaji anayemwona. Atazame vizuri. Akatazama mdomo wa Gordon Liu karibu dakika nzima, akanyamaza, akabadilisha.

Mara kikarudi kile Kiingereza cha kukimbia na kukwama. Nusu ya furaha tu, kusema kweli. Ile nusu nyingine ilikuwa sauti ya mzee, na mzee ametangulia mbele ya haki zamani. Nikaketi sakafuni, unga unanikaukia vidoleni, nikaanza mwenyewe. "Yuwaya! Yuwaya nyuma yako!" Mwanangu akasema ninamharibia. Dakika tano baadaye, abati, yule mkuu wa hekalu, alipoongea kwa kirefu, akauliza, "Huyu yeye anasema nini?" Kiingereza anakijua kuliko mimi.

Nikamwambia abati anadai pesa za chakula.

Kengele iliporudi niliirekodi kwenye simu, nikamtumia binamu yangu aliyeolewa Mombasa, bila neno hata moja. Alijibu usiku sana: "Mke wa mwalimu angali yuwataka mai?"