Nilivyowapata tena majirani wa kambini kwenye simu

Sisi watoto wa polisi hatuna kwetu mahali pamoja. Nimekulia Nsambya, kambi ya polisi hapa Kampala, Uganda, kwenye vile vijumba vya mabati tunavyoviita "mama ingia pole", na kila mwaka jirani fulani anahamishwa, anapakia godoro kwenye lori, huyu Moroto, yule Mbarara, halafu ndo basi, habari zake utazisikia msibani.

Facebook ndo ilituokota, tukatafutana mpaka kwa majina ya utani. Ikaja OTT 2018, kodi ya serikali ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku ndo ufungue Facebook au WhatsApp, wengine wakakimbilia VPN, programu ya kupenya mitandao iliyofungwa, wengine wakaacha kabisa. Afu Januari 2021, uchaguzi uko mlangoni, Facebook ikafungwa nchi nzima na intaneti nayo ikazimwa, intaneti ikarudi baada ya siku chache lakini Facebook ikabaki imefungwa.

Sasa ndugu na marafiki namba zao ninazo, ila hawa wa kati, mtu hamdaiani wala si undugu, walikuwa Messenger tu. Nikawa nawasha VPN usiku, bando linaliwa simu inachemka, naingia inboksi ya mmoja mmoja, "tuma namba ya WhatsApp, huku tumefungiwa". Walioko Dubai wakajibu chapchap. Walioko Uganda kimya, wataonaje na wao wamefungiwa?

Hao wa Uganda sikuwapata kwa simu janja bwana, aliyenipa namba zao ni mama chapati wa getini kambini. Ana kasimu ka batani, lakini daftari lake la madeni lina namba za nusu kambi, kurasa zina mafuta, wengine wamehama zamani na bado anawadai. Akanisomea, mi naandika, huku ananituma nimkumbushie mmoja elfu nne zake, na nilimkumbusha kweli, ndo ikawa salamu ya kwanza.

Grupu tulifungua, ikageuka michango na maombi ya kufowadi, nimeizima sauti. Mi natuma voisi kwa mtu mmoja mmoja nikimkumbuka, haili bando kama video. Na stetasi nimeacha kuitegemea, maana unaona mtu kapata mtoto unadhani mmesalimiana, kumbe mwenzio hata hajui kama unamwaza. Wa Moroto nilipomtumia voisi alicheka kwanza, "we bado unaongea puani!" Siku hizi akija Kampala kwa kesi analala kwangu.