Mpe maji kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, poleni na jua. Neno la wiki hii liko 1 Wafalme 19, mstari wa 1 mpaka wa 8, naomba mlisome kabla hamjaendelea na mimi, maana Eliya tumezoea kumuona kule Karmeli moto unashuka, tunapiga vigelegele, halafu tunaruka moja kwa moja mpaka Horebu kwenye ile sauti ndogo ya utulivu. Hapo katikati, chini ya mretemu, ule mti mdogo wa jangwani, huwa tunapapita haraka haraka. Mimi wiki hii nimekaa hapo hapo, na kilichonikalisha ni mashindano ya triatloni ya Jumamosi pale Shangani, hapa kwetu Mtwara.

Wengi mmeniuliza hii triatloni ndio nini. Ni michezo mitatu mfululizo, unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia kwa miguu, na saa haisimami hata pale unapohangaika kuvaa viatu na miguu ina mchanga. Kwenye Olimpiki imeingia tangu Sydney mwaka 2000. Hii ya kwetu ni ile fupi wanayoiita sprinti, mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, na kwa Mtwara inakaa vizuri sana kwasababu bahari ipo na barabara ya Mikindani ipo, ukienda ukarudi hesabu ya baiskeli inakaribia kutimia yenyewe. Walikuja vijana wa joging, walikuja na watu wazima, kuna mzee kaja na baiskeli yake ya Phoenix ile ya kubebea mizigo kaifungua keria nyuma, na alipita watu wenye gia, nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kwa kweli.

Sasa bahari yetu mnaijua, maji yakitoka unatembea kwenye mawe na mwani mbali sana kabla hujapata kina cha kuogelea, kwahiyo ilibidi tusubiri yajae, na siku hiyo yalijaa kwa kuchelewa. Tukaingia majini jua limeshapanda. Baharini hujui kama kuna joto, mwili unapozwa na maji wenyewe, kwenye baiskeli napo upepo unakusaidia, kwenda Mikindani nilikuwa naangalia ile ghuba na zile nyumba za kale nikawa naimba kabisa. (Ni hapo hapo Mikindani yule mmisionari Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho kwenda bara mwaka 1866, na alipofariki mwaka 1873 ni watumishi wake, kina Chuma na Susi na wenzao, waliombeba mpaka pwani. Huwa tunataja jina la aliyebebwa, waliobeba tunawasahau.) Shida inaanza ukishuka kwenye baiskeli. Upepo haupo tena, lami inatoa moto kutoka chini, miguu inakuwa sio yako, na hili joto letu la kabla ya mvua lina unyevu, ndio ubaya wake. Jasho linampoza mtu pale linapokauka kwenye ngozi, likikauka linaondoka na joto. Hewa ikiwa imejaa unyevu jasho halikauki, linatiririka tu linadondoka chini, unapoteza maji na chumvi na joto linabaki ndani kama lilivyo. Mwili wa mtu ni kama nyuzi 37, ukipita 40 na akili ikaanza kuyumba hapo sio uchovu tena, hapo ni hatari ya kifo.

Kuna kijana alikuwa mbele yangu, kijana mwenye nguvu, baharini alitoka na watu wa mwanzo. Kwenye kilomita za mwisho nikaona anaanza kwenda upande, anarudi katikati, anakwenda tena upande, macho yako wazi lakini haangalii kitu. Pembeni watu wengi wamesimama kwenye kivuli cha miembe na wote wanampigia kelele za upendo kabisa, naomba nieleweke, ni upendo, wanasema kaza! kaza kamanda! usikate tamaa umeshafika! Na yeye anawasikia, anajaribu kukaza, na kila akikaza anazidi kuyumba.

Aliyemsaidia ni mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga pale barabarani. Hakupiga kelele. Alinyanyuka na ndoo yake ya maji ya kunawia wateja, akamfuata mpaka katikati ya barabara, akamshika mkono akamwambia, mwanangu, kaa. Kaa kwanza. Kijana anasema mama nimalize, bado kidogo. Mama anamwambia utamaliza, kaa. Akamkalisha kivulini akammwagia ile ndoo yote kichwani na mgongoni, akamtuma mtoto akachote nyingine, akavua kanga yake ya juu akailoweka akamfunika nayo shingoni, na sisi tuliokuwa karibu tukawa tunampepea. Baadae akaja dada wa huduma ya kwanza, akasema mama kafanya vile vile inavyotakiwa, mtu aliyezidiwa na joto anapozwa kwanza hapo hapo alipo, kwa maji mengi mwili mzima, ndio apelekwe hospitali, maana ukimpakia kwenye gari akiwa bado anawaka, joto linaendelea kumuumiza njiani.

Poza kwanza, safirisha baadae. Nimerudi nyumbani na hayo maneno na nilipofungua Biblia nikayakuta.

Angalieni Eliya. Mwisho wa sura ya 18 mkono wa Bwana uko juu yake, anakaza viuno, anapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Ni mkimbiaji huyu! Halafu unageuza ukurasa, ujumbe mmoja tu wa Yezebeli mke wa mfalme kwamba atamuua, na huyo yuko jangwani, kaketi chini ya mti anaomba kufa, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Mtu yule yule. Sisi tungekuwa hapo tungemwambia nini? Tungemkumbusha moto wa Karmeli. Tungemwambia mtumishi, mtu wa imani haongei hivyo, kaza. Mungu hakumwambia hivyo. Malaika alimgusa, akamwambia "Inuka, ule", na pale kichwani pana mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala TENA, na hakuna aliyemgombeza kwa kulala tena. Malaika akarudi mara ya pili, na alichosema kwangu mimi ndio moyo wa sura nzima, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako."

Wapendwa, huyo ni malaika wa Bwana anamwambia nabii kwamba safari ni kubwa kuliko wewe. Hakumwambia unaweza. Hakumwambia ni ndogo ukiwa na imani. Alikubali kabisa kwamba haiwezi, ndio maana akamletea chakula. Maswali ya Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", na kazi mpya ya kuwatia mafuta wafalme, hayo yote yalikuja baada ya mkate, baada ya maji, baada ya usingizi, na baada ya siku arobaini za kutembea kwa nguvu za chakula kile.

Na Bwana wetu mwenyewe. Yohana 4 inasema alichoka na safari, akaketi kisimani, ilikuwa yapata saa sita, yani jua la utosi, na akamwambia mwanamke wa Samaria, "Nipe maji ninywe". Kristo aliomba maji. Na msalabani alisema "Naona kiu". Kama yeye hakuona aibu kusema, sijui sisi tumejifunza wapi kwamba mkristo aliyeiva hasemi nimechoka, nimeishiwa, nisaidieni.

Mwaka 2016 kule Cozumel, Mexico, kwenye fainali ya mashindano ya dunia ya triatloni, kulikuwa na joto kali na Jonathan Brownlee wa Uingereza alikuwa anaongoza, kamba ya kumalizia iko karibu kabisa, miguu ikakataa, akawa anayumba. Kaka yake Alistair, ambaye muda mfupi kabla alitoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki Rio, alikuwa anakuja nyuma na angeweza kugombania ushindi. Akamshika mdogo wake, akaweka mkono wake begani akakimbia nae, Henri Schoeman wa Afrika Kusini akawapita akashinda, na walipofika kwenye mstari Alistair akamsukuma mdogo wake atangulie, yeye akawa wa tatu. Mimi hiyo picha naipenda kuliko medali zao zote. Ila nadhani hata yeye angekuwa hana pa kumshikia kama mdogo wake angemkatalia bega, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, bega linakuja na sisi tunasema nipo vizuri mtumishi, Mungu ni mwema.

Mungu ni mwema ndio. Na huwa anatuma gudulia kupitia mtu. Kwa yule kijana lilikuja kwenye ndoo ya mama wa mihogo, ambaye sijui hata anasali wapi, lakini Mathayo 10:42 naijua, kikombe cha maji ya baridi hakipotei thawabu. Kijana hakumaliza siku hiyo. Jioni nimeongea nae, yuko salama, anakula, anaulizia lini tena.

Sasa niseme la nyumbani kwetu. Ndani ya ushirika kuna mama anauguza mume wake muda mrefu sasa, usiku halali, msimu wa korosho umepita shamba halijapaliliwa, na ibadani ameacha kuonekana. Nimesikia maneno, kwamba amepoa, kwamba ameurudia ulimwengu. Hajaurudia, ameishiwa. Nimeongea na mama mchungaji na tumepanga hivi, Jumanne kinamama wa zamu wataenda na unga na mboga na wafue nguo za mgonjwa, Jumatano usiku wawili kati ya kinababa watakaa na mgonjwa ili yule mama alale mpaka asubuhi, na mimi nitapeleka samaki Alhamisi. Vijana tukutane Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi njia panda ya shambani kwake, kila mtu na jembe lake na maji ya kunywa ya kutosha, tutoke kabla jua halijawa kali. Tukifika kwake tusimuulize kwanini haji kanisani. Anayeweza zamu ya Jumatano usiku aniambie leo, bado anahitajika mtu mmoja.