Sanduku lililolala nje ya friji

Kabla sijasoma neno lolote kuhusu ubongo, oksitosini kwangu ilikuwa dawa ya friji tu. Vichupa vidogo vya kioo, kila kimoja yuniti 10, vinavyotakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mtoto akishatoka, mama anachomwa sindano moja pajani, mji wa mimba unajikaza, damu inapungua. Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi katika wodi za uzazi huku Kakamega kwa miaka 17, na sita ya mwisho nimekuwa inchaji, yaani msimamizi wa wodi.

Mwaka wangu wa kwanza wa uinchaji, asubuhi moja nilikuta sanduku zima la dawa hiyo juu ya meza karibu na sinki. Lilikuwa limelala hapo. Wakati wa kukabidhiana zamu niliuliza ni nani, mbele ya wauguzi wote na wanafunzi. Kimya. Nikapaza sauti. Nikasema atakayerudia ataandika barua ya kujieleza. Kwa miezi mitatu baada ya hapo, daftari letu la makosa halikuandikwa hata mstari mmoja, na mimi nililibeba hadi kwa matroni nikamwonyesha, moyo umejaa.

Kisha ukaja usiku wa yule mama wa watoto wanne. Kondo lilitoka vizuri, lakini damu haikukoma. Sindano ya kwanza haikuonyesha kazi. Tulimkanda tumbo, tukamwongezea dawa, tukamtundikia damu. Alfajiri alikuwa ameketi kitandani anaomba uji, na mtoto yuko kwenye titi. Nilipotoka nje kupata hewa, muuguzi mdogo kuliko wote alinifuata hadi kwenye kamba za kuanikia mashuka.

"Sista, lile sanduku lililala nje Jumamosi. Nililirudisha asubuhi. Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Nilikuogopa wewe."

Mama huvuja damu kwa sababu nyingi, na usiku mmoja nje ya friji hauui dawa yote. Sikumlaumu huyo binti wakati ule na simlaumu sasa. Lakini nilipaswa kujua ni sanduku lipi la kutilia shaka, na watu watatu wodini walijua kabla yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo mimi huiona kwa maana yake halisi kila siku ya kazi, na bado nilikuwa nimewafundisha watu wangu kuficha.

Ndipo nikaanza kusoma. Nilichokutana nacho kwanza kilinikalisha chini. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za hospitali miaka ya tisini. Alitarajia kuona kwamba timu zenye uhusiano mzuri hukosea dawa mara chache. Takwimu zikamjia kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hazikuwa zikikosea zaidi ya wengine, zilikuwa zinasema. Nililikumbuka daftari langu jeupe. Nilikuwa nimempelekea matroni dalili ya ugonjwa nikidhani ni cheti cha afya.

Kuhusu ubongo, nitaeleza nilivyowaeleza wenzangu tukinywa chai ya saa nne. Ndani kabisa, kila upande, kuna sehemu yenye umbo la lozi iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Haingoji hatari hiyo iwe nyoka. Sauti ya inchaji mbele ya wanafunzi inatosha. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya kupanga, kupima na kukumbuka hesabu uliyoishikilia akilini. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameonyesha kwamba msongo usioweza kuudhibiti huumwagia ubongo kemikali zinazodhoofisha sehemu hiyo ya mbele. Kwa hiyo nikimfokea muuguzi anayepima dawa, nimemnyang'anya kile kile anachopimia. Hili lilinichoma kuliko yote niliyosoma.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipenda sana, nami nasita kulibeba. Mwaka 2005 watafiti wa Zurich waliwapulizia wanaume oksitosini puani, kisha wakawapa mchezo wa kukabidhi pesa kwa mtu wasiyemjua. Kati ya 29 waliopuliziwa, 13 walitoa pesa zote; kati ya 29 waliopuliziwa kimiminika kisicho na oksitosini, 6 tu. Dawa yangu ya friji ikaitwa homoni ya kuaminiana. Lakini mwaka 2020 jaribio hilo lilirudiwa kwa watu wengi zaidi, na tofauti ile haikuonekana. Mimi nimeishika dawa hii mkononi maelfu ya mara. Inakaza mji wa mimba. Kuaminiana sijakuona kwenye kichupa.

Nilikokuona ni pale nilipoandika kosa langu mwenyewe la kwanza. Nilikuwa nimemrekodi mama presha ya mwenzake wa kitanda cha pili. Niliandika daftarini, nikatia sahihi, nikaisoma kwa sauti asubuhi. Hakuna aliyesema kitu siku hiyo. Wiki iliyofuata dada mmoja wa Butere akaandika la kwake.

Baadaye nikawauliza, mmoja mmoja: kazi gani hapa ungeifanya hata ukiwa umechoka? Vipo vipimo vya kulipia, kama CliftonStrengths, vinavyopanga vipaji katika mafungu 34. Sisi tulitumia swali hilo na chai. Kaka wa Malava akasema anapenda kuhesabu. Hilo sikuwahi kulijua, na miaka yote nilimweka mapokezi! Sasa friji ni yake: karatasi ya joto imebandikwa mlangoni, asubuhi na jioni anaandika. Dada wa Butere ana sauti inayowatuliza akina nyanya wanaokuja na binti zao usiku. Na yupo mama wa Shinyalu, amebakiza miaka miwili astaafu, ambaye akiinua kitambaa chenye damu anakwambia ni nusu lita, na ukipima hakosei sana. Zamani vijana walimwona mkali. Tangu tulipotaja kipaji chake mbele ya wote, wao ndio humwita: "Mama, njoo utuangalizie."

Mwezi jana stima ilipotea saa nane usiku, mvua inapiga mabati. Mwanafunzi wa uuguzi akanipigia simu nyumbani. "Sista, friji imezima, na nimechelewa kuona kwa muda wa karibu saa moja." Nikamwambia aende chumba cha chanjo achukue sanduku la baridi na barafu. Akaniambia kaka wa Malava ameshamwonyesha lilipo, ameshahamisha vichupa vyote, na daftarini ameshaandika jina lake na saa.

Daftari hilo lilikuwa limebakiza ukurasa mmoja. Juzi nilinunua jingine dukani karibu na steji, la kurasa 200.