Miligramu 30, kumbe 450

Usiku ule nilikuwa nimepakia saruji, Dar kwenda Tunduma. Enaji ya kwanza, kile kinywaji cha kuondoa usingizi, nilinunua Chalinze, ya pili Mikumi, ya tatu Ruaha Mbuyuni kabla ya kuukabili mlima wa Kitonga. Zote chupa za nusu lita. Katikati ya mlima moyo ukaanza kwenda mbio na mikono ikatetemeka kwenye usukani. Nilijikaza hadi Ilula, nikaegesha, nikaenda zahanati.

Muuguzi akauliza nimekunywa nini. "Enaji tatu tu, dada."

Akaomba kuiona chupa, tandiboi wangu akaileta. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo sana ya nyuma: kafeini, miligramu 30 kwa mililita 100. "Kaka, hii ina mililita 500. Zidisha kwa tano, kisha kwa tatu."

450. Na mimi miaka yote niliamini 30 ndiyo ya chupa nzima!

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo mmoja. Nilivuka kiwango cha siku kwa usiku mmoja, na chai ya Morogoro sijaihesabu.

Lebo haikudanganya. Ila hesabu ile, saa nane usiku, dereva aliyechoka haipigi. Nani hunywa mililita 100 akafunga kifuniko? Tena ilitaja guarana bila kiasi, na mbegu za guarana zina kafeini yake.

Afadhali hiyo iliyoandikwa. Sisi tunaovuka kwenda Ndola, Zambia, na Lubumbashi tunakikumbuka kinywaji kilichotengenezwa Ndola: mwishoni mwa 2018 mtu mmoja Uganda alilalamika kwamba kimemtoa jasho na kumsimamisha uume kwa saa nyingi. Vipimo vikakuta sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, ambayo lebo haikuitaja. Dawa hiyo hushusha presha. Anayetumia dawa za moyo za nitreti inaweza kumuua.

Ninachoomba kwa watengenezaji ni namba moja kubwa, mbele ya chupa, ya chupa nzima. Hadi waiweke, tandiboi wangu anaiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuniko. 150. Nikimaliza hiyo moja, Ruaha Mbuyuni tunalala.